Shamba Lililomezwa na Mraba

Mama Kageha hakuketi alipokaribishwa. Alisimama mbele ya meza ya Andati, mchora ramani wa mradi wa kuhifadhi udongo pale Kakamega mjini, akasema lililomleta.

"Mwanangu, mashine yako imekula shamba langu."

Andati alitaka kucheka, akauona uso wa mama, akaacha. Kumbe naibu wa chifu kule Iguhu alikuwa amesoma majina ya wenye mashamba ya mteremko mkali, yatakayochimbiwa matuta. La Kageha halikuwemo, ingawa ukiangusha kiazi mlangoni pake utakiokota mtoni. La shemeji yake Makhanu, waliyepakana naye, lilikuwemo. Na Makhanu, aliyeimezea mate ardhi ya mjane tangu kaka yake azikwe, akasimama pale pale akadai hata kompyuta inajua kwamba pale pana shamba moja tu, lake. Wazee wakapanga kuliamua Jumamosi.

"Mimi nalimanga hapo tangu niolewe," Kageha alisema. "Wakinitoa, nitaenda wapi na uzee huu?"

Andati akafungua jedwali la wastani wa mteremko wa kila shamba. Kweli, Kageha hakuwemo, na programu haikuwa imelalamika hata kidogo. Ilikuwa imeikata nchi yote katika miraba, na kila mraba ukapewa mwenyewe mmoja, yule aliyeshika katikati yake. Andati alichagua miraba ya mita mia, kwa kuwa kompyuta yao ilikuwa na mwendo wa kobe. Kwa mashamba mapana ya Lugari ingefaa. Lakini Iguhu baba huwagawia wanawe vipande vyembamba, toka barabarani mpaka mtoni, ili kila mmoja apate njia na maji. Kipande cha Kageha hakikushika katikati ya mraba wowote.

Akaipunguza miraba iwe ya mita kumi, akarudia hesabu. Bado hayumo! Akakuna kichwa, kisha akajionea haya. Alikuwa ameipasua miraba ile ile ya zamani, iliyokwisha kuandikwa jina la Makhanu. Wimbi likishasagwa pamoja na muhogo, chekecheo halitautenga tena. Ikabidi arudi kwenye mistari yenyewe ya mipaka na ya miinuko, aikate upya kwa mita kumi.

Safari hii Kageha akatokea, mteremko wake mkali kuliko wote wa kilima kile. Makhanu akashuka hadi nje ya orodha, maana muda wote alihesabiwa mteremko wa mjane.

"Kosa ni langu, mama," Andati alisema. "Jumamosi nitakuja mwenyewe."

Akaja, akatandaza ramani mpya mezani, akakiri kosa lake mbele ya wote. Makhanu akabisha kwamba karatasi huchorwa na yeyote. Mzee Lazarus, mwenyekiti wa kikao, hakubishana naye.

"Sawa. Hebu tuonyeshe mpaka wako wewe."

Makhanu akaweka kidole barabarani, akakiteremsha kando ya mkuyu, kando ya jiwe kubwa, kama alivyopita na jembe miaka yote. Kilipofika mtoni, kipande cha kaka yake kilikuwa kimebaki chote upande wa pili. Akakiangalia kidole chake.

Kageha alilia mbele za watu, na hakuona haya.