Maharage ya Juu ya Paa

Saa moja asubuhi mpishi wa kanisa alipanda ngazi ya mbao, ufagio begani na ndoo mbili mkononi, akaanza kufagia maharage juu ya paa. Yalikuwa mengi, maana mapigano ya alfajiri hayakuwa ya mchezo. Ya jeshi la kilimani yalikuwa mekundu, ya jeshi la mtoni yalikuwa ya njano, na mpishi alipendelea ya njano kwa sababu yanaiva upesi na hayamalizi kuni. Risasi yoyote iliyopita juu ya paa lile ilidondoka ikiwa haragwe. Mizinga ilileta maboga, na maboga yalitoboa mabati juu ya mimbari, kwa hiyo mchungaji alikuwa akihubiri amesimama kando ya mimbari.

Watu waliokimbilia hapo walikuwa mia tatu na ushei. Wanawake walikaa uani kwenye mabenchi ya kanisa, nyungo mapajani, wakichambua. Kazi yenyewe ilitaka macho, kwani mara mojamoja risasi hushindwa kugeuka vizuri, na bibi mmoja alikuwa ameshavunjika jino.

"Mnachambua au mnapiga soga?" mpishi aliuliza kutoka juu. "Bibi akipoteza jingine, atabaki kunywa mchuzi."

"Niachie hili moja, mwanangu," bibi alijibu. "Ndilo la kuchekea."

Mpishi hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Alichokuwa akikiogopa ni kimoja tu. Binti yake wa pekee alikuwa muuguzi kwenye zahanati, mitaa miwili kutoka pale, na huko risasi zilibaki kuwa risasi. Binti akipata nafasi alikuja kula, na mama yake alimkagua kichwa hadi miguu kabla ya kumpakulia.

"Mama, sahani hii imekuja na majeruhi kumi na wanne," alisema siku moja, bila lawama, huku akila.

"Malori yakifika nitapika vya malori," mpishi alisema. "Hapo hawa mabwana wakitaka wapigane, wakitaka walale. Bora walale."

Malori yalikuwa ya shirika la misaada, na kila mwezi shirika lilileta fomu. Sehemu moja iliuliza ni chakula gani kimepokelewa kutoka kwingine. Mchungaji alifika hapo akasita na kalamu yake.

"Tupaache wazi?"

"Mchungaji, kanisa lidanganye kwenye fomu?" mpishi alimkatiza. "Andika. Magunia kumi na moja."

Mchungaji aliandika, na kwa kuwa alikuwa mtu wa shukrani, akaongeza kwamba Mungu ni mwema.

Baada ya wiki mbili ofisa wa shirika alikuja kwa pikipiki. Alionja maharage, akayasifu, akapanda ngazi kuhesabu matundu ya paa. Aliposhuka alisema kanisa limeondolewa kwenye orodha, kwa kuwa tayari lina mfadhili.

"Mfadhili gani, baba?" mpishi aliuliza.

Ofisa alielekeza kalamu kilimani, kisha mtoni. "Wawili," alisema. "Wenzenu wa bondeni hawana hata mmoja."

"Na hao wawili wakiacha kupigana?"

"Mkikaa siku thelathini bila kupokea kitu, mtajaza fomu nyingine." Aliwaachia nakala mbili, akavaa kofia yake ya pikipiki.

Mwezi ule ule mapigano yakakoma, na hakuna aliyeambiwa sababu. Siku ya kwanza watu walianika nguo barabarani. Binti wa mpishi alilala kwa saa kumi na mbili mfululizo bila kugeuka, na mama yake alikaa pembeni akimtazama, akiona raha isiyo na kifani. Siku ya tatu ghala lilibaki na vumbi. Siku ya tano watoto waliacha kucheza, wakajilalia tu kivulini.

Siku ya sita ilikuwa Jumapili. Mchungaji aliomba amani idumu, na watu mia tatu na ushei wakaitikia kwa sauti ya chini. Wengi walikuwa wamefumbua macho, wanatazama mabati. Mpishi alikuwa amepiga magoti mbele kabisa, macho ameyafumba, anaomba kwa moyo wake wote, maana binti yake alikuwa zamu.

Bunduki ikalia kilimani. Nyingine ikajibu kutoka mtoni. Haragwe moja likagonga bati, yakafuata mawili, kisha yakamwagika kwa mpigo. Wanawake wakanyanyuka kimya kimya kwenda kuchukua nyungo, na mtoto mmoja akapiga makofi.

Mpishi alifurahi. Alifurahi kabisa, moyo ukamruka, akatoka mbiombio kwenda jikoni. Alipokuja kumkumbuka binti yake, moto ulikuwa umeshawaka.