Kibao cha Ouma

Nderitu, mwenye duka kule mtaani Pioneer, alitoa pikapu yake kumpeleka marehemu Ouma kwao ziwani. Alizoea njia ya Moi's Bridge tu, ya kwenda kununua mahindi, kwa hivyo penye njia panda alifuata kibao: Kisumu, mshale kushoto. Baadaye yeye na wafiwa wakajikuta katikati ya msitu wa Kaptagat, lami imeisha.

"Ni Ouma amekataa," akasema mama wa marehemu. Kwao, maiti akikataa kwenda nyumbani huongeleshwa. Akaligonga jeneza taratibu. "Mwanangu, nani amekukosea? Tusamehe, twende."

Benta, mjane, hakulia. Tangu Ouma afariki juzi hakusikia kitu mwilini, hata baridi. Kibao kile alikijua. Ouma, kibarua wa barabara, ndiye aliyekisimika, wakati ule mgeni mkubwa wa serikali, tumbo likimtangulia, alipokuja na bosi wa kazi akaamuru kiwekwe hapo penye lami mpya kionekane vizuri, hata kama si njia ya Kisumu. Jioni hiyo Ouma hakugusa chakula. "Kitadanganya watu," alisema. "Kesho nitawaambia sitaki kukisimika." Benta alimjibu bila kuinua macho kwenye sufuria: "Unataka ufutwe? Wewe simika tu. Mwenye kujua njia atapita."

"Benta, mwongeleshe wewe," mama mkwe akamsihi. "Wewe atakusikia."

Benta akaweka mkono juu ya mbao.

"Ouma hajakataa, Mama," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia asikatae."