Mdiria wa Bwawani

Kila baridi ilipokaza, kinyozi alifunga kibanda chake Jumapili moja, akamvisha binti yake sweta mbili, wakaenda kushindana na Darubini kutafuta ndege. Darubini alikuwa fundi umeme, rafiki yake tangu hawajaota ndevu, na jina hilo alilipata kwa sababu darubini haikumtoka shingoni hata akiwa juu ya nguzo. Baba na mtoto walikuwa upande mmoja, yeye peke yake upande wa pili. Waliachana njia alfajiri, jua likichomoza vizuri wakakutana kwenye mgahawa wa karibu na kiwanda cha matofali. Aliyeona aina chache za ndege ndiye aliyenunua chai. Hakuna aliyeandika kitu. Neno la mtu lilitosha.

Darubini alikuwa hajawahi kushindwa, na hakuwa mtu wa kushinda kimyakimya. Utani wake ulikuwa unamfuata kinyozi hadi kazini mwezi mzima. Kinyozi mwenyewe hakujali. Aliyeumia ni binti yake, ambaye watu walimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hafungi mdomo. Mwaka huu mtoto alikuwa amejifunza sauti za ndege miezi na miezi, akiziiga mezani mpaka chakula kinapoa.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito. Walipata shomoro, tetere, kunguru, kitwitwi wawili wakitikisa mikia, na korongo mmoja aliyesimama kwenye bwawa nyuma ya kiwanda kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Chiriku aliinama kufunga kamba za kiatu, vidole vimekufa ganzi. Baba akasubiri, akitazama maji. Hakuna kilichopita.

Mgahawani walihesabu, wakatoka sare.

"Basi nyie mmeshindwa," alisema Darubini, akipasha mikono joto kwenye bilauri ya chai. "Macho manne kwa mawili, na bado tuko sawa. Si aibu hiyo?"

Chiriku akainamisha kichwa. Kinyozi akaona kidevu cha mwanawe kinatetemeka.

"Ngoja kwanza," alisema. "Tumemsahau mdiria." Neno lilimtoka kama chafya.

Darubini akaweka bilauri chini. "Mdiria, huku kwetu? Sijawahi kumwona. Wapi?"

"Pale bwawani. Mgongo wa buluu, mdomo mwekundu. Amepita juu ya maji, akapotea kwenye ukungu."

"Na wewe mwanangu, umemwona?"

Mtoto alimtazama baba yake, kisha akatazama meza. "Nimemwona, baba mdogo."

Kinyozi alingoja Darubini acheke, abishe. Badala yake mtu mzima yule alivua kofia, akaiweka magotini.

"Marehemu mke wangu aliwahi kuniambia amemwona mdiria kwenye bwawa lile," alisema taratibu. "Nilimcheka. Nilimwambia ameota. Mpaka anakufa nilikuwa namtania kwa hilo." Akaita chai na maandazi ya wote, akalipa bila neno la utani.

Tangu hapo Darubini akawa anadamka kila siku kwenda bwawani kabla ya kazi. Akija kunyolewa, aliwasimulia wateja wengine, macho yake kwenye kioo: "Rafiki yangu huyu ndiye aliyemwona. Yeye na binti yake." Kinyozi alikuwa anazidisha povu, anahamia nyuma ya shingo ambako kioo hakimfikii. Mara mbili alifungua kinywa aseme. Mara mbili mteja mwingine akaingia, naye akashukuru moyoni, kisha akajichukia kwa kushukuru.

Nyumbani, Chiriku alipunguza maneno. Alikula, akaosha sahani, akaenda kulala. Mama yake alidhani ni mafua.

Kisha habari ikaja kibandani na mfanyakazi wa kiwanda cha matofali: Darubini ameteleza kwenye tope la ukingo, amevunjika mguu, na kabla watu hawajamwona alikuwa amelala nusu mwili majini kwenye baridi ile. Kinyozi alimwacha mteja na ndevu za upande mmoja.

Wodini alimkuta mguu umefungwa plasta, kifua kinakoroma. Darubini alijaribu kucheka. "Leo nilisikia kitu kikipiga maji. Nikasogea."

"Usisogee tena," alisema kinyozi. "Hakuna mdiria. Sikumwona. Nilidanganya."

Nesi alikuja, akabadilisha chupa ya dripu, akaondoka.

"Na mtoto naye alidanganya?" aliuliza Darubini.

"Mtoto alisema kwa ajili yangu."

"Nenda nyumbani, bwana," alisema Darubini, akageuza uso ukutani. "Si leo. Leo nenda tu."

Kinyozi alitembea kwa miguu njia nzima. Alimkuta Chiriku ameketi kwenye ngazi ya mlango, akaketi kando yake, akamweleza yote: mdiria, mguu, wodi.

Mtoto akamgeukia, macho yamemtoka. "Kwani wewe hukumwona, baba?"

"Sikumwona."

"Mimi nilijua wewe umemwona. Nilikuwa nafunga kiatu. Nilidhani mwongo ni mimi peke yangu." Akaanza kulia bila sauti. "Na baba mdogo akawa anakwenda kila siku."

Kinyozi alimvuta kifuani. Wiki zote zile alikuwa amejihurumia yeye, kumbe mzigo mzito ulibebwa na mgongo mdogo kuliko wake.

Jumamosi walikwenda wote wawili hospitali. Chiriku aliomba radhi, akisimama wima kama anayesoma darasani. Darubini akamshika mkono, akamwambia hana kosa kwake, akamwuliza sauti ya kitwitwi ikoje. Mtoto akaiiga, na mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka.

Kwa kinyozi Darubini alisema machache. Aliomba anyolewe. Kinyozi akapaka povu, na kwa kuwa hapakuwa na kioo, safari hii walitazamana uso kwa uso.

"Angalia usinikate," alisema Darubini.

"Sitakukata."

"Tutaona," akajibu, akafumba macho.