Sarafu Zilizooshwa kwa Ndimu

Asubuhi ya Jumatano, Pak Warsito aliketi barazani mwa nyumba yake, pembezoni mwa mji wa Trowulan, kisiwani Java, akikamua ndimu katika beseni la plastiki ambalo mkewe hulitumia kuoshea mchele. Mkewe, Bu Sarmi, alikuwa jikoni akikaanga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa. Redio ya jirani ilikuwa ikitangaza bei ya pilipili. Kando ya beseni, juu ya kitambaa cheupe, zilikaa sarafu nne za shaba, pana kama vitako vya glasi, kila moja na tundu katikati na mtu mdogo aliyechongwa pembeni.

Zilikuwa sarafu zake za kwanza. Warsito alikuwa amestaafu posta, na mtu aliyegonga mihuri kwenye barua za watu maisha yake yote haogopi kitu kidogo cha mviringo. Alipoamua kukusanya sarafu za kale hakuanza kwa kusitasita. Alinunua kioo cha kukuzia, glavu za pamba na albamu nene kabla hajamiliki sarafu hata moja, kisha akajiunga na chama cha wakusanyaji mjini. Katibu wa chama, Pak Gunadi, alimpa masharti ya mwanafunzi: asome kabla ya kununua, achague aina moja, anunue kwa mtu anayemjua kwa sura, na asioshe sarafu kamwe.

Matatu aliyakubali. La nne aliliona limewekwa kwa ajili ya watu wasio na malezi. Kwao, kila mwezi wa Suro, unaofungua mwaka wa Kijava, jambia la babu lilitolewa kwenye ala likaogeshwa kwa ndimu na maua, na hakuna mzee aliyewahi kulalamika, hai wala mfu. Ikiwa chuma cha wazee huogeshwa, shaba imekosa nini?

Sarafu alizinunua kwa Kardi, mchimba udongo katika tanuri la matofali la tajiri Tirto, nyuma ya nyumba ya kina Warsito. Kardi alisema hazikuwa pamoja. Aliziokota mojamoja, huku na huku, kadiri tajiri alivyomchimbisha.

Bu Sarmi alileta sahani ya tempe, akazitazama.

"Hizi za baba," alisema.

"Za baba yako kivipi? Hizi za ufalme wa Majapahit, Bu. Zina miaka mia sita na ushee."

"Na baba ndiye aliyezikuta, akazifukia tena kwenye pembe nne za shamba langu, siku aliyonipa shamba hilo. Akapika wali wa manjano, majirani wakala. Wewe ulikula sahani mbili."

"Wali naukumbuka," alisema Warsito.

Shamba hilo ndilo lililokuwa donda la nyumba ile. Kila mwaka shimo la Tirto lilisogea, na kila mwaka Tirto aliapa, kwa adabu zote, kwamba mpaka uko palepale. Sasa Sarmi alikuwa amebakiwa na ukanda wa muhogo usiotosha kumgeuzia nyati. Mkuu wa kijiji alikuwa radhi kupima upya, mradi apatikane shahidi aliyeona mpaka ukiwekwa. Waliokula ule wali walikuwa wamekufa wote isipokuwa Warsito, na mume hahesabiwi.

Warsito alizitumbukiza sarafu kwenye ndimu, akasugua kwa mswaki wa zamani.

Kutu ya kijani ilitoka kwanza. Kisha wakatoka wenyewe. Alitangulia mwanamume mwenye nyati, akafuata mwanamke mwenye kapu, halafu mzee mwenye mwavuli, na mwisho mpiga ngoma. Waliketi kwenye ukingo wa beseni wakikamua nguo zao. Urefu wao ulikuwa wa kidole gumba, wembamba wa karatasi, na kama vikaragosi vya ngozi vya wayang, ule mchezo wa vivuli, walionekana ubavu tu: jicho moja, sikio moja. Aliyetaka kutazama upande wa pili aligeuka mzima.

"Ndimu imewaingia machoni?" Sarmi aliuliza.

"Jichoni," alisema mwenye nyati. "Nani ametutoa kazini?"

"Kardi," alisema Warsito, ambaye hakupenda kuanza urafiki kwa kubeba lawama.

"Mwenye shamba alituambia tusibanduke."

"Basi kuleni kidogo kwanza."

"Tumechelewa, mama. Utatuletea huko huko."

Walishuka barazani, kuku wakawapisha. Sarmi alifuata nyuma akiwa na sahani, na Warsito naye, na glavu zake mkononi.

Mwenye kapu alisimama penye mwisho wa muhogo. Mwenye mwavuli aliingia kwenye tanuri lililokuwa likiwaka, akasimama katikati ya matofali mekundu, akaufungua mwavuli wake. Mpiga ngoma alipita mlango wa jikoni wa nyumba mpya ya Tirto, akajipanga kando ya friji. Mwenye nyati alifika ukingoni mwa shimo na hakusimama. Aliendelea moja kwa moja hewani, kwa usawa ule ule ambao ardhi ilikuwapo zamani, mpaka juu ya katikati ya shimo, na nyati akiwa nyuma yake. Nyati aliinamisha kichwa kutafuta majani, hakuyaona, akatafuna hivyo hivyo.

"Pak Warsito!" Kardi alipiga kelele kutoka chini. "Mwambie huyo nyati asinifanyie mambo kichwani!"

Sarmi alitazama kutoka muhogo hadi tanuri, kutoka shimo hadi friji.

"Ndilo shamba lenyewe," alisema. "Kaiteni serikali."

Mkuu wa kijiji alifika baada ya chakula cha mchana pamoja na karani wake na futi ya kupimia. Alivua viatu mlangoni pa jikoni, akachuchumaa mbele ya mpiga ngoma.

"Mpaka uko hapa," alisema mpiga ngoma. "Pak Karso, baba wa mama huyu, alinifukia kwa mkono wake. Alikuwa na mafua siku hiyo."

"Ni kweli, alikuwa na mafua," alisema Sarmi.

Mkuu wa kijiji alikiri kwamba hajapata kusikia ushahidi ulionyooka namna ile. Kilichobaki ni kitambulisho cha shahidi. Hakikuwapo, lakini hilo halikuwa tatizo, kingeweza kutengenezwa. Karani alipiga picha, akaitazama, akatikisa kichwa.

"Masikio, Bu. Picha inatakiwa ionyeshe yote mawili. Yeye ana moja."

"Mgeuze."

Mpiga ngoma aligeuka, karani akapiga nyingine.

"Hapa pia ni moja."

"Hilo ni lile lingine!"

"Nimeliona, Bu. Lakini hayakubali kuonekana pamoja."

Mkuu wa kijiji alisikitika kwa dhati, akavaa viatu. Tirto, aliyekuwa amesimama muda wote huo mikono ameikunja mbele, alisema yeye hana neno na wazee hawa. Wakae hata milele.

Jumamosi alikuja Pak Gunadi wa chama. Aliziangalia zile sarafu nne, tupu na zinang'aa kama vifuniko vya soda, akakaa chini.

"Umeziua, Pak! Ile kutu ndiyo ilikuwa cheti chao cha kuzaliwa."

"Hawajafa. Mmoja yuko juu ya shimo, nenda ukamsalimie."

"Nimeshamsalimia. Mimi nazungumzia kutu."

Warsito hakutetereka. Alizipanga sarafu kwenye ukurasa wa kwanza wa albamu, akaandika chini yake, kwa mwandiko wa posta, *wenyewe wako kazini*, akaanza kuulizia ya tano.

Shimo limezidi kwenda chini. Mwenye nyati amebaki palepale, na sasa wachimbaji humwona mdogo kama inzi. Matofali hupangwa na kupakuliwa kumzunguka mwenye mwavuli. Kila jioni ya Alhamisi Tirto huwawekea maua, na kila anapokwenda kwenye friji huinama sana, mkono wa kulia mbele, kama mtu anayepita mbele ya wakubwa, na kusema, "Naomba njia, mzee." Mpiga ngoma humpa njia. Tirto hunyooka, humimina chai baridi, hunywa.

Adhuhuri Sarmi huja na sahani. Tirto humfungulia mlango mwenyewe.

"Karibu, Bu Sarmi. Hapa ni kwako."

"Najua," husema Sarmi, humpa mpiga ngoma tempe yake, na kutokea mlango wa nyuma.