Kura za Norteykope Zilivyorudi Nyumbani

Siku ya uchaguzi wa diwani, Lamiley Okpoti alifyatua matofali thelathini na sita kabla ya kwenda kupiga kura, kwa sababu saruji aliyoichanganya alfajiri isingemsubiri. Aliyamwagia maji, akayafunika kwa magunia ili upepo wa harmatani usiyakaushe upesi yakapasuka, akanawa mikono hadi viwikoni, akavaa gauni lake la kijani. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Kiwanja cha matofali alikirithi kwa marehemu mumewe, pamoja na kalibu mbili za chuma za kufyatulia, na watu wa Norteykope, kata ya bondeni katika jiji la Accra, walishasahau kwamba kazi hiyo iliwahi kuwa ya mwanamume.

Kwenye karatasi ya kura jina lake lilikuwa la pili. La kwanza lilikuwa la Ofoli Tagoe.

Lamiley hakuwa mtu wa siasa. Mwaka fulani kipofu mmoja alitumbukia katika mtaro mkubwa unaoikata kata ile katikati, akavunjika nyonga. Lamiley akamimina kifuniko cha zege, akakiweka palepale. Mwezi uliofuata akamimina kingine. Kwa miaka kumi na mmoja aliufunika mtaro hatua kwa hatua, kwa zege iliyobaki jioni, bila kuombwa na mtu, na kila kifuniko alikitia vishikio viwili vya nondo ili kiweze kuinuliwa taka zikazolewa. Alikuwa akizizoa mwenyewe, Jumamosi, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya.

Aligombea kwa sababu moja tu. Tagoe, mtu mcheshi, mwenye ukumbi wa harusi na suti nyeupe, alikuwa ameahidi wafanyabiashara fulani kwamba akipata udiwani watajenga maduka juu ya mdomo wa mtaro, pale unapomwaga maji nje ya kata.

"Na maji yatatokea wapi?" Lamiley alimuuliza mbele ya mkutano.

"Anti, maji yana akili," Tagoe alijibu. "Yatajitafutia njia."

Watu walicheka.

"Kweli yana akili," Lamiley akasema. "Juni iliyopita hakuna aliyeyaonyesha njia ya kitanda cha mama yako, na majirani waliokuja kukibeba walikikuta kinaelea."

Watu walicheka zaidi, na Tagoe naye akacheka, maana alikuwa akijua kucheka.

Foleni ya wapiga kura ilizunguka uwanja wa shule mara mbili. Kila mtu alipewa karatasi, akachovya kidole gumba kwenye kibweta cha wino, akakigandamiza kando ya jina alilolitaka, akakunja, akatumbukiza. Hapakuwa na ugomvi. Saa kumi na moja jioni, wakati mawakala walipokuwa wakipanga madawati ili kura zihesabiwe hadharani kama kawaida, msimamizi wa uchaguzi, Bwana Amarkwei, alitangaza kwamba vumbi la harmatani linaumiza macho, kwa hiyo zitahesabiwa ofisini kwake. Masanduku yalipakiwa kwenye pikapu. Wakala wa Lamiley alikuwa rafiki yake Tsotsoo, msusi wa nywele. Alipotaka kupanda aliambiwa hakuna nafasi.

"Nitakaa juu ya sanduku," Tsotsoo alisema.

"Sanduku la kura halikaliwi, mama."

Alitembea kwa miguu. Alipofika, jasho likimtiririka, kura zilikuwa zimeshahesabiwa. Tagoe mia sita na kumi na moja, Lamiley mia mbili na nne. Bwana Amarkwei alimkaribisha kiti na kumpa maji baridi ya kunywa.

Asubuhi iliyofuata kura zilianza kurudi nyumbani.

Ya kwanza ilionekana kwa Momo, mpika kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi. Alifunua sufuria yake kubwa akaikuta juu ya maganda ya mahindi, imekunjwa mara mbili kama alivyoikunja mwenyewe, haijaloa. Aliifunua. Gumba lilikuwa kando ya jina la Lamiley. Kidole cha Momo kilikuwa kimelainika kwa miaka mingi ya kukanda unga, hakikuwa na mistari, kwa hiyo alama yake ilikuwa kama doa la mviringo tu, na hakuna mwingine kata nzima mwenye alama kama ile. Alifunika sufuria, akawauzia wateja waliokuwa wakisubiri, kisha akaenda kwa Lamiley.

"Yangu imerudi," alisema.

"Imerudi lini?"

"Sijui. Nilipoamka ilikuwa imeshafika."

Lamiley alikuwa akikoroga mchanga na saruji. Tangu matokeo yatangazwe alikuwa hajazungumza na mtu, na mchanganyiko wake ulikuwa umezidi saruji. Alisimika koleo, akaifuta mikono, akaitazama karatasi ile kwa muda mrefu.

"Iweke mezani," alisema. "Juu yake weka kokoto, upepo usije ukaichukua."

Kufikia saa nne mezani hapakuwa na nafasi. Ataa Kwei, seremala, aliikuta ya kwake ndani ya sanduku la misumari, na kovu la msumeno likaonekana katikati ya alama kama barabara kwenye ramani. Dereva aliyelala mji wa Tema alirudi nayo mfukoni mwa shati ambalo hakulivaa siku ya kura. Wachumba wawili ambao hawakuambiana walimpigia nani walizikuta zao zimekaa pamoja juu ya redio, wakafurahi, wakaja nazo wameshikana mikono. Mzee mmoja alilalamika kwamba ya kwake imechelewa. Ilifika saa sita, na kingo zake zilikuwa na vumbi jekundu, maana nyumba yake iko mbali na ofisi ya Bwana Amarkwei kuliko nyumba nyingine zote.

Tsotsoo aliandika majina daftarini. Karatasi zilikuwa mia saba thelathini na tatu, zote za Lamiley. Zile zake mia mbili na nne zilizohesabiwa hazikurudi, kwani hazikuwa na sababu ya kurudi.

Vijana wa gereji walitaka kwenda kuvunja ukumbi wa Tagoe. Mmoja alishachukua nyundo ya Lamiley.

"Irudishe nyundo yangu," Lamiley alimwambia.

"Anti, wamekuibia!"

"Wameniibia mimi, na ninyi je? Hizi ni kura za nani?" Alielekeza kidole mezani. "Huyu Momo alisimama juani kwa saa tatu na miguu yake ile imevimba. Ukivunja ukumbi, kesho watazungumzia ukumbi. Hakuna atakayezungumzia miguu ya Momo."

Kijana aliirudisha nyundo. Hapo ndipo Lamiley alipolia, kidogo, akiwa amewapa mgongo, kisha akaomba ndoo ya kubebea karatasi.

Walikwenda ofisini watu zaidi ya mia nne, kwa miguu, juu ya vifuniko vya mtaro. Bwana Amarkwei aliwapokea kwa heshima. Alivaa miwani, akachukua karatasi moja, akalinganisha namba yake na namba za kitabu, akachukua nyingine.

"Ni za kweli," alisema. "Lakini karatasi isiyokuwamo sandukuni si kura."

"Zilikuwamo sandukuni," Tsotsoo alisema.

"Zilitokaje?"

"Si ndiyo tumekuja kukuuliza wewe!"

Bwana Amarkwei hakuwa mtu wa kukasirika. Alifungua kitabu cha kumbukumbu na kuandika, huku akisoma kwa sauti, kwamba wakazi wa Norteykope wamefika kutoa taarifa ya karatasi mia saba thelathini na tatu, na kwamba zimepatikana zikiwa salama mikononi mwa wenyewe. Akapiga muhuri. Akawaomba watokao mwisho wafunge mlango kwa ajili ya vumbi.

Kesi ilichukua miezi mitatu. Mahakama iliita mtaalamu wa alama za vidole, akakaa siku nne akilinganisha gumba kwa gumba, watu wakipanga foleni kama siku ya kura, na hakukuta hata moja lisilo la mwenyewe. Hakimu alimpongeza mtaalamu. Alimpongeza pia Lamiley kwa kutunza karatasi vizuri. Kisha akasema ushahidi umekamilika, ila sheria haina kifungu kinachohusu kura zinazorudi nyumbani, na matokeo yaliyotiwa saini ni matokeo. Tagoe alibaki diwani. Wiki ileile malori ya kokoto yalimwaga mzigo kwenye mdomo wa mtaro.

Lamiley alikwenda kuangalia ujenzi. Alisimama pale mchana kutwa, akaona mafundi wakiuziba mdomo ule. Tsotsoo, aliyemfuata na chakula, alitarajia kumkuta akitukana. Lamiley alikuwa akikadiria kwa macho.

"Wameweka bomba moja," alisema. "Linatosha kupitisha kuku tu. Maji yatarudi nyuma. Nyumba arobaini za chini yataziingia zote. Vizingiti vitabidi viinuliwe."

"Vizingiti vya nyumba arobaini? Wewe ndiye diwani?"

"Sasa nisubiri diwani?"

Alianza siku ya pili yake. Vijana wa gereji walibeba mchanga, Ataa Kwei alikata upya milango kwa chini ili ifungike, Momo alilisha mafundi. Baadhi ya walioleta karatasi zao kwa Lamiley walikuja kuzichukua, wakaziweka kwenye fremu ukutani pamoja na picha za ubatizo na harusi. Wengine waliziacha kwake, zikae pamoja. Kwa namna hiyo ulifika mwezi wa tano, na mawingu.

Jumapili moja, baada ya ibada, Awo Korkoi Tagoe, ambaye kila mtu alimwita Awo, yaani mama, aliingia kiwanjani polepole na mkongojo wake. Alikuwa mama yake diwani, mjane wa miaka themanini, na alikuwa amekataa kuhamia kwa mwanawe kilimani kwa sababu mumewe alifia katika nyumba ya bondeni na hakupenda marehemu akija kumwamkia aukute mlango umefungwa. Lamiley alimwekea kiti kivulini. Walisalimiana kwa kirefu, kama inavyopasa. Kisha bibi alifungua kitabu chake cha nyimbo za kanisa, akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili.

"Hii nayo ilirudi," alisema. "Siku ileile. Niliikuta humu humu."

Lamiley aliifungua. Gumba lilikuwa dogo, limetetemeka kidogo, na lilikuwa kando ya jina la pili.

"Awo," alisema. "Lakini Ofoli ni mwanao."

"Nimemzaa mimi. Unadhani kuna anayemjua zaidi?" Bibi alitazama matofali. "Nampenda sana Ofoli. Ni mtoto mwema kwangu, hajawahi kuniletea chakula kilichopoa. Lakini udiwani sikumpa. Niliona haya kuileta mapema. Utanisamehe."

"Hakuna la kusamehe, Awo."

"Andika basi."

Lamiley alilitoa daftari la Tsotsoo na kuandika jina lake. Zikawa mia saba thelathini na nne.

Kesho yake alikwenda na matofali, mchanga na saruji kwa Awo Korkoi, na alikataa kusaidiwa kubeba.

"Maji ya mwaka jana yalifika wapi?" aliuliza.

Bibi alijigusa gotini. Lamiley alipima, akaongeza tofali moja zaidi ya aliyowawekea wengine, akapanga, akapiga plasta, akailainisha kwa ubao mpaka ikang'aa. Kazi ilikuwa nzuri. Wapita njia walisimama kuitazama.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha wiki ya pili ya Juni. Maji yalifika kwenye maduka mapya, yakalikuta lile bomba moja, yakarudi. Yaliingia uani kwa kila mtu, yakasimama vizingitini siku mbili, hayakuingia ndani. Siku ya tatu Tagoe alikuja kumwona mama yake, suruali ya suti yake nyeupe ameikunja hadi magotini, viatu mkononi, bakuli la samaki wa moto kichwani. Alifika mlangoni, akaona ukuta mfupi pale alipozoea kuingia bila kuangalia.

"Awo, kizingiti gani kirefu namna hii?" aliuliza. "Nitapitaje?"

Mama yake alikuwa amekaa kitandani, sakafu kavu chini yake, anasubiri chakula.

"Inua mguu, mheshimiwa," alisema.