Makofi Katikati ya Shairi

Delfina alikubali kumpa binti yake mwaka mmoja wa mashairi. Mwaka ukiisha bila kitabu, Spés angeingia chuo cha uuguzi. Walipatana hivyo nyumbani kwao Hilliard, Ohio, wakila maharage, na hakuna aliyenuna. Sasa ilikuwa Novemba 2015 na kitabu kilikuwa hakijaonekana.

Mashairi yenyewe hayakuwa na vina wala mizani. Spés alisoma neno, akanyamaza kwa muda mrefu, akasoma jingine. Alidai kwamba ukimya nao ni sehemu ya shairi. Delfina, mwenye stashahada lakini aliyefunga mizigo ghalani kwa miaka mingi, hakuzungusha maneno: alimwambia kwamba kunyamaza hata kabati linaweza.

Ziara ya kuyasoma mbele za watu waliianzia Louisville, mji waliofikia kwanza walipotoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Wasikilizaji wakachezea simu. Clintonville, mtaa wa Columbus, walikuja watu wanne, mmoja wao akiwa amekosea mlango. Ilibaki Buffalo, ambako Bi. Nowak, mchapishaji mdogo wa mashairi ya majaribio, alitaka kumsikia Spés kabla ya kuamua.

Spés hakujua kuendesha, kwa hiyo Delfina aliomba ruhusa kazini akashika usukani. Kabla ya kuondoka alimpigia Liberati, rafiki yake wa kambini anayekaa North Buffalo, akamwagiza awalete wanawake wa kwaya yake, Warundi wenzao, wote wenye nafasi, maana viti vitupu vinatia aibu. Njiani Spés aliuliza kama amewaeleza ni shairi la namna gani. Delfina akajibu kwamba amewaambia wavae vizuri.

Wakavaa. Walijaza safu ya mbele kwa vitenge vinavyong'aa, mbele ya Wamarekani wenye sweta za kijivu.

Spés akasimama na karatasi yake. "Mtabila," akasema, jina la kambi yao, kisha akanyamaza.

Kwa Warundi hawa, mtu akisimama kusema harusini akatulia kidogo, haachwi peke yake. Watu humpigia makofi ya pamoja, ya polepole, apate nguvu ya kuendelea. Liberati akapiga. Wenzake wakafuata, na mikono ya Delfina ikapiga kabla hajafikiri.

Spés akainua macho, amekunja uso.

"Foleni ya maji," akasoma kwa sauti ya juu kidogo, akanyamaza tena.

Safari hii wanawake wakasita. Liberati akamwinamia Delfina. "Mama Spés, tumemharibia?"

Delfina aliona vizuri kilichokuwa mbele yake. Shairi likianguka hapa, Januari binti yuko chuoni, na hilo ndilo alilokuwa akilitaka mwaka mzima. Lakini alikuwa amesikia vilevile jinsi sauti ya Spés ilivyopanda baada ya makofi. Huko Louisville haikupanda hata mara moja.

"Pigeni," akasema.

Wakapiga. Mabega ya Spés yakashuka. Akasoma "Ndoo yangu ya kijani," akangoja, akapata makofi yake, na mzee mmoja wa sweta akaunga mkono. Baadaye Spés aliiweka karatasi chini akaanza kuwachezea: ananyamaza, wanainua mikono, yeye anawatupia neno jingine kabla hawajapiga. Ukumbi ukacheka. Delfina hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwona binti yake mtundu kiasi kile mbele za watu.

Bi. Nowak hakungoja watu watoke. Alisema anakitaka kitabu, ila makofi nayo yawemo ndani, na njia pekee aliyoiona ni kuacha kurasa tupu kati ya maneno. Spés alikubali akilia na kucheka, akamgeukia mama yake kumweleza.

"Kurasa tupu ngapi?" Delfina akauliza.

"Kama ishirini, Mama."

"Nani atanunua kurasa ishirini zisizo na kitu? Mwambie tano."

"Kumi na tano."

"Kumi," akasema Delfina, "na ziwe kubwa. Liberati ana mikono mipana."