Mawe Kwenye Theluji

"Kamba ile mnaiona au hamuioni?" Nthofeela aliuliza, reki mkononi.

Vijana wanne kutoka Johannesburg walikuwa wamekwisha kuinama na kupita chini yake, mbao zao za kutelezea kwapani. Hiyo ilikuwa mara ya tatu tangu asubuhi. Mara ya kwanza waliomba radhi, mara ya pili walicheka. Sasa kiongozi wao Dewald, mrefu mwenye ndevu nyekundu, hakujisumbua hata kugeuza shingo.

"Mama, tumekuja kuruka, hatukuja kutazama kamba."

"Utaruka. Saa tano."

"Na sasa kuna nini?"

"Barafu. Jua la jana liliyeyusha theluji, baridi ya usiku ikaigandisha. Pale unapotua bado pako kivulini. Ukianguka sasa umeangukia saruji."

"Mimi naruka tangu utotoni."

"Barafu inajua hilo?"

Wenzake wakaguna kwa kicheko, lakini hakuna aliyerudi nyuma ya kamba.

Majira sita ya baridi Nthofeela alikuwa akitengeneza matuta ya kurukia kwenye mlima ule. Kila asubuhi, kabla ya wageni kumaliza chai, alishuka nyuma ya tuta kubwa na kupiga kisigino mahali pa kutua. Kisigino kikizama, anafungua. Kikilia juu ya barafu ngumu, anafunga. Mwaka jana kililia, akafunga, na mtu akapita chini ya kamba, akaruka. Nthofeela ndiye aliyemshika shingo kwa mikono miwili huku wakimburuta kwa machela hadi chini, na njia nzima yule mtu alikuwa akiuliza kwa nini hasikii miguu yake. Leo kisigino kimelia tena, na hawa wametia pamba masikioni.

Akamwita meneja kwa redio.

"'M'e Nthofeela," sauti ya meneja, Ntate Pheko, ikajibu, 'M'e ikiwa mama na Ntate baba kwa lugha yao, "hao ni wageni wa kupiga picha za kuutangaza mlima wetu. Wanaondoka saa sita. Zungumza nao vizuri."

"Nimezungumza mpaka koo limekauka, Ntate."

"Basi kunywa maji, uzungumze tena."

Akairudisha redio kiunoni. Kando ya theluji, nyasi zilikuwa kavu kama kawaida ya Julai, na mawe yalikuwa tele. Kijijini kwao, chifu akitaka nyasi zipumzike hajengi ua. Mawe hupangwa mafungu mafungu ukingoni mwa malisho, basi. Mchungaji akiyaona hugeuza ng'ombe, na asiyegeuza atawafuata walikozuiliwa, kwa chifu. Hakuna anayeyadai mawe maelezo.

Nthofeela akaanza kuyabeba. Aliyapanga mafungu matatu kwenye mlango wa njia ya kuchukulia kasi, pale pale ambapo kila mrukaji husimama kufunga viatu kwenye ubao. Dewald alikuwa amefunga mguu mmoja. Alipoyaona, uso ukambadilika.

"Mama, unafanya nini? Hayo yatauchana ubao wangu!"

"Yatauchana kweli."

"Ubao wenyewe mpya!"

Akaketi. Wenzake nao wakaketi. Shingo haikuwa imemshughulisha hata kidogo, ila ubao ulimkalisha chini kama mtoto mtiifu. Nthofeela angecheka, kama si uchungu.

Ntate Pheko alipanda akihema, blanketi juu ya koti la ofisini.

"Mawe kwenye theluji! Kazi yetu ni kuyatoa, wewe unayaleta? Una wazimu?"

"Nitayatoa saa tano. Hadi kokoto ya mwisho."

"Yatoe sasa."

"Yatoe wewe, Ntate."

Pheko akainua kiatu alipige teke fungu la kwanza. Lakini kabla ya ofisi alikuwa mchungaji, na utotoni ng'ombe wa baba yake waliwahi kuzuiliwa kwa chifu siku mbili kwa sababu yake. Kiatu kikaning'inia hewani, kisha kikarudi upande kilikotoka.

"Saa tano," akawaambia wageni, kana kwamba yeye ndiye aliyeamua. Kwa Nthofeela akaongeza kwa sauti ya chini, "Ikizidi dakika moja, wewe na reki yako mtashuka nyumbani."

Saa tano kasorobo jua likafika pale pa kutua. Akapiga kisigino, kikalia. Saa tano kasoro dakika tano kikalia tena, ila kwa sauti nzito zaidi. Pheko alikuwa akitazama saa yake. Saa tano kamili kisigino kikazama hadi kwenye kamba za kiatu.

Akayatoa mawe, akaokota kokoto kwa vidole vitupu, akafungua kamba. Kisha akasimama begani mwa tuta, kwa sababu mrukaji hawezi kuona kilicho nyuma ya tuta, akainua mkono kumwashiria aje.

Dewald akaja kwa kasi mno. Akapaa, akajipinda, akatua kwa mgongo na kichwa kwa pamoja. Mshindo ulikuwa wa gunia la unga likitupwa chini. Nthofeela alikuwa amekwisha kuanza kukimbia.

Kabla hajamfikia, kijana akaketi, theluji imejaa ndevuni, akicheka.

"Si umeona, mama? Hakukuwa na kitu. Umetuchelewesha bure."

Dewald alipoondoka, umbo lake lilibaki pale chini: mgongo, mikono, na shimo la kichwa. Nthofeela akaingiza ngumi kwenye shimo hilo, pale pale ambapo asubuhi kisigino kililia, nayo ikazama hadi kwenye kifundo cha mkono.

Juu ya tuta, kijana mwingine alikuwa akipiga mluzi, akiuliza kama njia iko wazi. Nthofeela akapishanisha mikono juu ya kichwa: bado. Kisha akachukua reki, akaanza kulifukia.